Mandari ya Kaskazi

Sifa zote njema zamthubutukia Mwenyezi Mungu, aliyeumba bara na bahari na akazipeleka pepo kwa amri Yake; na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, kaskazi imekwisha kuingia. Bahari ya Lamu imetulia, maji yamekuwa maangavu hata aketiye ndani ya mashua aiona chini, embe zaiva, skuli zimefungwa, na joto la mitaa yetu myembamba limewatoa watu majumbani, wazee kwa vijana, kwenda kutafuta upepo. Huu ndio wakti wa mandari. Asubuhi mashua zaondoka gatini zimejaa watu, masufuria na madumu ya maji. Hizi zaelekea Takwa, hizi Kipungani, hizi pwani ya Manda. Na asiyekuwa na nauli hushika njia ya ufukoni kwa miguu mpaka Shela, akapanda vilima vya mchanga, akaoga, akarudi jioni na njaa yake. Hayo twayapenda, na sisi wenyewe tu katika hao watu.

Juu ya jambo hili tumejiwa na watu wawili. Wa kwanza ni mzee mwenye kushikamana na dini yake, ambaye amewakataza wanawe kwenda mandari kwa kuwa, kwa maneno yake, Muislamu hakuumbwa kucheza. Wa pili ni kijana aliyetuambia kwa uso mkunjufu kwamba mandari ni mandari na msikiti ni msikiti, na siku moja ya raha haivunji dini ya mtu. Twawapenda wote wawili, lakini twaona wote wawili wamekosea, tena wamekosea kosa moja: kila mmoja amekata dunia vipande viwili, kipande cha Mungu na kipande kisichokuwa cha Mungu.

Tuanze na mzee wetu, kwa kuwa mkubwa hutangulizwa. Yeye aisoma Suratul Ghashiya kila wiki. Imamu wetu hapendi kuiacha katika sala ya Ijumaa. Ndani ya sura hiyo Mola wetu awauliza watu kwa nini hawatazami: ngamia alivyoumbwa, mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Mwarabu wa jangwani aliulizwa juu ya ngamia kwa kuwa ngamia ndiye aliyekuwa mbele ya macho yake asubuhi na jioni. Hatuongezi neno katika Kitabu; lakini sisi wa visiwani ni nini kilichoko mbele ya macho yetu asubuhi na jioni? Si bahari na mikoko? Katika Suratun Nahl Mwenyezi Mungu atukumbusha kwamba bahari ameitiisha ili tule humo nyama mbichi, na tutoe mapambo, na tuone vyombo vikiikata. Basi mtu ataonaje akiwa amefungiwa chumbani?

Tumwambie mzee wetu jambo moja dogo alijaribu. Apande mashua na wanawe, aingie katika mkondo wa mikoko, akauchume mti uitwao mchu jani moja, kisha aulambe upande wa jani hilo kwa ulimi wake. Ataonja chumvi. Mti huu umesimama katika matope ya bahari, wanywa maji ambayo lau angeyanywa mwanadamu yangemuua, nao waitoa chumvi kwa majani yake, ikakauka juani, ikapukutika. Nani aliyeufundisha? Sisi tumesoma vitabu vya tauhidi miaka mingi, na tulilamba jani hilo tukiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, tukaona haya kwamba tulikuwa hatujalijua.

Na ama kucheza, Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) alishindana mbio na Bibi Aisha zaidi ya mara moja. Na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi hakuwafukuza, bali alimsitiri mkewe naye akatazama mpaka aliposhiba. Na sahaba Hanzala alipohuzunika kwamba moyo wake akiwa kwa Mtume huwa hivi, na akirudi kwa mke na watoto huwa vingine, akadhani kuwa ni unafiki, Mtume alimtuliza kwa kumjulisha kwamba moyo una saa yake hii na saa yake hii. Mzee wetu asijitwike mzigo ambao Mtume hakuwatwika masahaba.

Sasa twamgeukia kijana. Juu ya ulevi na majani na mengineyo wafanyayo baadhi ya watu wakifika mbali na macho ya wazazi hatutakuwa na maneno mengi. Haramu ya gatini ni haramu ya Takwa. Twataka kusema juu ya sala, kwa kuwa ndani yake wamo hata wema. Wako wanaosali Adhuhuri na Alasiri rakaa mbili mbili wakiwa Manda, wakisema wao ni wasafiri. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii safari ya kupunguza sala ni mwendo wa marhala mbili, ambao maulamaa wa siku hizi waukadiria kilomita themanini na kitu. Nawe kutoka gati ya Lamu mpaka Takwa hukuvuka ila mkono wa bahari. Basi sala ni rakaa nne, tena kila moja kwa wakti wake, bila ya kuikusanya na nyingine. Na tulimwona mtu mmoja ametayamamu kwa mchanga wa ufukoni, na bahari inampiga miguu! Tulipomuuliza akasema maji ya chumvi si ya kutawadhia. Mtume aliulizwa suala hilihili na watu wa vyombo, akajibu kwamba bahari maji yake yatwahirisha na mfu wake ni halali. Tena mchanga mtupu wa pwani usiokuwa na vumbi haufai kwa tayamamu katika madhehebu yetu. Kwa hiyo yule ndugu alikosa mara mbili, naye ametukubalia tulitaje kosa lake bila ya jina.

Na akisimama mmoja wenu akaadhini ufukoni asione haya. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba sauti ya mwenye kuadhini nyikani haisikiwi na jini, wala mtu, wala kitu chochote, ila kitamshuhudia Siku ya Kiyama. Muwazie mikoko ya Manda ikisimama kukutolea ushahidi.

Tumesema ya wengine. Haki yatulazimu tuseme na yetu. Kaskazi iliyopita darasa letu lilikwenda mandari Takwa. Asiyepajua mahali hapo na ajue kwamba ni magofu ya mji wa Waislamu katika kisiwa cha Manda, uliokuwa na watu mpaka karne ya 17 Miladi. Msikiti wake mkuu ungali umesimama, na juu ya ukuta wa kibla pana mnara. Nje ya ukuta wa mji pana kaburi lenye mnara na maandishi ya Kiarabu. Na mibuyu imeota mahali zilipokuwa nyumba. Njia ya kuingia kwa chombo ni mkondo mwembamba katika mikoko, na mkondo huo haupitiki ila maji yakijaa.

Siku ile maji yalijaa saa tatu ya asubuhi. Nahodha wetu, mtu mzima kuliko sisi sote, alituambia tangu kushuka: saa tano tuwe chomboni. Tukaitika. Lakini tulipoingia ndani ya msikiti ule, na wanafunzi wakatuzunguka, ulimi wetu ulifunguka. Tulisomesha juu ya uumbaji wa Mwenyezi Mungu, tukasomesha juu ya kaumu zilizopita, kila mwanafunzi na karatasi ya darasa mkononi. Kisha chakula kikaletwa chini ya mbuyu. Nahodha alikuja mara ya kwanza, tukamwambia bado kidogo. Alikuja mara ya pili. Mara ya tatu hakuja, kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha kuondoka. Tukakurupuka, tukaacha vitu vilivyokuwa chini ya mbuyu, tukaisukuma mashua katika matope yaliyotufika magotini, na haikwenda. Adhuhuri tuliyokusudia kuisali Shela kwa jamaa tuliisali juu ya kipande cha ardhi kavu, tumepakaa matope, wakti umekaribia kutoka. Tukakaa humo na mbu mpaka jioni maji yaliporudi. Sisi tuliokuwa tukisomesha jinsi jua na mwezi viendavyo kwa hisabu tulishindwa kuiangalia hisabu ya maji ya siku moja.

Hayo hayakuwa ndiyo makubwa. Ilipopita wiki, baada ya sala ya Isha, yule nahodha alibisha hodi nyumbani kwetu amebeba gunia. Tukamkaribisha ukumbini, akakaa, akaulizwa hali, akanywa kahawa. Kisha akalifungua gunia: chupa za maji za plastiki, sahani za kutupwa, mikebe ya soda, ndara moja ya mtoto. Na katikati ya hayo karatasi ya darasa letu, imelowa mafuta ya pilau, na juu yake limeandikwa jina la Mwenyezi Mungu.

Akasema, "Shekhe wangu, nisamehe. Haya ni yenu, nimeyakuta Takwa. Sikuja kukuaibisha, nimekuja usiku watu wasione. Lakini nilisikia mlivyosomesha, nami nikanufaika, ndipo nikaona hayafai yakae pale."

Tukamwambia, "Ami, tuwie radhi." Hatukuwa na neno jingine. Karatasi ile tuliichukua tukaichoma kama ipasavyo; lile gunia tukaliweka ukumbini siku tatu, kila mwanafunzi ajaye aone.

Basi tokea usiku ule tumekuwa tukifikiri. Mtume ametufundisha kwamba kuondosha chenye kuudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani. Nasi tumekuwa watu wa kukiweka. Katika Suratur Rum Mola wetu amesema kwamba uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yaliyochumwa na mikono ya watu. Tulikuwa tukiisoma aya hiyo tukidhani yawasema watu wa viwanda na mataifa makubwa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, na kweli mifuko imepungua. Lakini chupa zingaliko, na sahani, na ndara. Mafundi wa Lamu walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa fukoni na mijini, likashushwa baharini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja ili watu waone. Twawasifu mafundi wetu kwa ufundi huo. Lakini je, si msiba kwamba takataka za kutosha kuundia jahazi ziliweza kuokotwa pwani? Na kasa apandaye usiku mchangani kutaga mayai yake hana wakili wa kumsemea. Mfuko uelea baharini, yeye audhania konyeza, aumeza, afa nao tumboni. Mwanamke mmoja, kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi, aliingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfunga mpaka akafa. Nasi hatujui hisabu ya kasa itakuwaje.

Lakini liko jambo kubwa kuliko takataka, nalo twaomba msomaji alisikilize vizuri, kwa kuwa ni uhai wa mji wetu.

Watu wa Takwa walikwenda wapi? Wazee wa Shela wasema wao ndio watu wa Takwa waliohamia ng'ambo. Na kwa nini walihama? Wenye elimu ya historia hutaja sababu zaidi ya moja. Wengine hutaja ugomvi na Pate, na wengine husema kwamba maji ya visima yaliingia chumvi. Ikiwa ni hiyo ya pili, au hata ikiwa ni sehemu tu ya mambo, basi zingatia: mji wenye msikiti wa mawe, wenye ukuta, wenye wacha Mungu, uliachwa kwa kunguru na mibuyu kwa kuwa ndoo ilishuka kisimani ikapanda na maji yasiyonyweka.

Sasa twende kwenye vile vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo vijana huteleza juu yake wakicheka. Wengi hudhani mchanga ule ni kitu cha bure, kilichotupwa na upepo. Mchanga ule ndio birika letu. Mvua ya masika inyeshapo, haipiti juu ikakimbilia baharini. Huzama ndani ya mchanga, ikachujwa, ikatuama chini. Na chini yake zaidi kuna maji ya bahari, kwa kuwa kisiwa ni kisiwa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, basi hukaa juu yake kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Kutoka humo ndimo yanamotoka maji ya visima vya Shela, na humo ndimo mji wa Lamu unywamo. Mwenye kusoma Suratul Furqan ataikumbuka ile aya ya bahari mbili, hii tamu na ile chungu, na kizuizi baina yao. Hatusemi kwamba aya ilishuka kwa ajili ya Shela. Twasema kwamba mtu wa Lamu hana haja ya kupanda ndege ili aone mfano wake, mfano huo uko chini ya nyayo zake siku ya mandari.

Na kizuizi hicho chavunjika. Ukiyateka maji mengi kuliko yanayoingia, ya chumvi hupanda. Ukichota mchanga kwa kujengea, ukasimamisha majumba juu ya vilima na kuchimba makaro, umelitoboa birika na umelitia uchafu. Na mwenye mandari naye asijione hana lake: mara ngapi mtu hupanda juu ya kilima kile, akatazama huku na huku, akajisaidia pale pale, akaufunika mchanga kwa mguu kama paka? Mtume ametuonya na mambo matatu yaletayo laana: kujisaidia penye njia ya maji, na katikati ya njia, na kivulini. Mchanga wa Shela ni njia ya maji. Hapo chini yuko mama ambaye kesho atateka kisimani amkandie mwanawe uji. Mwisho wa Suratul Mulk, sura ambayo wengi wetu twaisoma kila usiku kabla ya kulala, kuna swali: maji yenu yakididimia, ni nani atakayewaletea maji ya chemchemi? Watu wa Takwa hawakuwa na jibu. Nasi tumetayarisha jibu gani?

Kwa kuwa tumelitaja kaburi la Takwa, msomaji atauliza juu ya ile ada ya kwenda kuomba mvua pale. Hatutaki makala hii iwe ya kaburi. Kuzuru makaburi ni suna, kwa kuwa yakumbusha akhera. Lakini kuomba mvua Mtume ametuwekea sala yake, naye alitoka na watu mpaka uwanjani, akasali rakaa mbili, akageuza joho lake, akaomba. Uwanja tunao. Na tukishaomba, tukapewa, tusiichafue mvua palepale inapoangukia.

Limebaki moja, nalo hatukulifikiri wenyewe bali tuliambiwa. Tuliporudi siku ile ya matope, watu wa nyumbani kwetu walitufulia kanzu, wakatusikiliza tukihadithia mikoko na mchu na msikiti wa kale. Kisha tukaulizwa, "Na sisi je, bahari hatukuumbiwa?" Tulitafuta jibu la kifiqhi hatukulipata. Zamani wanawake wa mji wetu walikwenda mashamba msimu wa maembe pamoja na watoto wao, wakakaa mchana kutwa. Leo mashamba yamepungua na mwanamke amebakiwa na ukumbi, dari na joto, hali wanaume wamejigawia pwani yote. Mwenye kuhofia stara na aipange stara. Mtume alimsitiri Bibi Aisha ili atazame, hakumfungia ili asitazame.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mandari ya darasa letu mwaka huu itakuwa na mashua mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake na watoto, kila mmoja wao pamoja na maharimu zake. Kila mashua ina gunia lake. Maji ya kunywa yatakwenda katika mitungi na madumu, hapana chupa. Karatasi za darasa hazitakuwapo. Yatakayosomeshwa yatahifadhiwa vichwani. Yule mzee aliyewakataza wanawe tumemwalika, naye amesema atafikiri. Ama wakti wa kurudi, hautakuwa mikononi mwetu. Tumemkabidhi nahodha, naye ameshurutisha mbele ya mashahidi kwamba akiita mara moja sisi ndio wa kwanza kuinuka.